Anayelinda haogi

Ziwa Kivu halina mamba wala viboko. Kwa hiyo watoto wa Goma hulipenda. Lakini kina chake kinapita mita 480, na kando yake kuna mawe makali ya volkano. Pengine mtoto anapiga hatua mbili, maji yanafika magotini. Anapiga ya tatu, miguu haigusi tena chini.

Siku moja mwalimu mmoja aliwapeleka wavulana 13 kuoga. Kwanza aliingia peke yake, akapima maji kwa fimbo, akafunga kamba toka jiwe moja hata jingine. Akasema: «Mtu asipite kamba hii.» Kisha akawapanga wawili wawili, kila mmoja amtazame mwenzake. Mvulana mkubwa alibaki juu ya jiwe, na mti mrefu karibu naye. «Wewe ni mlinzi. Hesabu vichwa 12. Wala usioge.»

Mlinzi akahesabu mara ya kwanza, na mara ya pili. Jua lilikuwa kali. Wenzake walicheka, wakamrushia maji. Akatia miguu majini, kisha magoti, kisha akasahau kuhesabu. Alifikiri: «Mtu akipata hatari, nitamsikia.»

Alipohesabu tena, vichwa vilikuwa 11. Hakusikia kelele hata moja. Maana anayezama hawezi kuita: kinywa chake kinatafuta hewa tu, na mikono yake inasukuma maji. Watu wa kandoni hufikiri anacheza.

Mtoto mmoja akalia: «Mwenzangu yuko wapi?» Mwalimu akaona nywele ng'ambo ya kamba. Hakuruka majini, sababu anayezama humkamata mwokozi kwa nguvu, nao huzama wote wawili. Alimsukumia ule mti mpaka kifuani. Mtoto akaukumbatia, akavutwa kandoni. Akakohoa, akatapika maji. Mwalimu akampeleka kwa muganga siku ile ile, maana maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kudhuru baadaye.

Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu karibu 300,000 walikufa maji. Karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka 5.

Mlinzi alilia kwa haya. Mwalimu hakumpiga. Alimwambia: «Juma lijalo utalinda tena.»

Juma lile jua lilikuwa kali vilevile, na wenzake walimrushia maji. Akapangusa uso, akasema kwa sauti: «Kumi na wawili.» Kisha akaanza tena: «Mmoja, wawili, watatu…»