Samaki Mzima, Kama Anavyoliwa

Shaba ya kwanza ya Lubumbashi iliyeyushwa mwaka 1911, kando ya mto ulioupa mji jina. Mimi nilipotoka Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kuanza kupima maji, mlima mweusi wa mabaki ya tanuru la shaba ulikuwa umeshasimama pale miaka mingi, na watu walikuwa bado wanatega samaki chini yake, mpaka mto Kafubu.

Kazi yetu inataka subira. Unaingia mtoni ukiwa umeelekea yanakotoka maji, ili tope unalotibua kwa miguu lisiingie chupani. Oksijeni na uchachu unapima palepale, maana maji yakisafirishwa hubadilika. Maji ya kupimwa metali unayachuja, kisha unayatia matone ya asidi ya nitriki. Usipofanya hivyo metali hunata kwenye kuta za chupa, na maabara itakuletea jibu la kupendeza lisilo la kweli. Halafu nageuza mawe. Nikikuta mabuu wale wenye mikia mitatu myembamba, najua mto umekuwa na nafuu kwa wiki nyingi, si asubuhi hiyo tu. Kipimo changu hakioni jana, mdudu ameiishi. Kuna sehemu za mto Naviundu nimegeuza mawe mengi bila kuona kiumbe, ingawa maji yanang'aa.

Jambo lililonigharimu maneno mengi maofisini ni hili: maji yanafaa kwa nani? Shirika la Afya Duniani linakubali miligramu 2 za shaba katika lita ya maji ya kunywa. Kwa samaki wengi kiasi hicho ni kifo. Sehemu ndogo tu ya kiasi hicho huharibu matamvua yao. Kwetu Katanga miamba ya dolomiti huyapa maji chokaa nyingi, nayo hupunguza ukali wa shaba. Lakini tindikali ya kiwanda ikimwagika, kinga hiyo huvunjika. Mkubwa mmoja wa kiwanda alitaka niandike "maji yanafaa" tu, niishie hapo. Nilikataa, nikakosa kazi ile.

Tena samaki anaweza kuishi vizuri huku anakusanya sumu mwilini. Kawaida maabara hupima mnofu. Kwa risasi, kanuni za kimataifa za chakula zimeweka kikomo cha miligramu 0.3 katika kilo ya samaki. Siku moja sokoni Katuba nilikuwa nachuna mnofu wa tilapia mbele ya mama aliyeniuzia. Akaniuliza:

"Papa, kichwa na tumbo unamwachia nani? Sisi tunakula vyote na bukari."

Bukari ndiyo ugali wetu, naye alisema kweli. Metali nyingi hukaa kwenye ini, figo, matamvua na mifupa. Samaki wadogo hukaangwa wazima, na watoto ndio hupewa hao. Tangu hapo nikawa natuma mifuko miwili, wa mnofu na wa samaki mzima, na kobalti ya mfuko wa pili ilikuwa ikizidi mno ya ule wa kwanza. Naona aibu kwamba kanuni nyingi bado zinaandikwa kwa mlaji wa mnofu.

Wenzetu wa chuo walichapisha mwaka 2010 utafiti wa sehemu ya juu ya mto Lufira, inakoshuka mito ya mji wa Likasi kuelekea ziwa Tshangalele, wakifuata metali kutoka kiumbe hadi kiumbe. Mwaka mmoja kabla, watafiti Célestin Banza na Benoit Nemery walikuwa wameonyesha kobalti nyingi katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda.

Februari 2025 bwawa la mabaki ya mgodi lilipasuka Chambishi, Zambia, samaki wa mto Kafue wakafa. Novemba mwaka huohuo maji ya kiwanda yakafurika mitaani kwetu Lubumbashi. Kila mara wanatuita baada ya samaki kuelea.

Baadhi ya wakubwa wanapendekeza uvuvi upigwe marufuku. Siungi mkono: mvuvi wa Kafubu hakumwaga kitu mtoni, na samaki ndiyo nyama ya maskini. Nawaambia akina mama watoe matumbo na matamvua, wasinunue waliovuliwa chini ya mifereji ya viwanda. Kwa serikali nadai matokeo yabandikwe sokoni, kwa Kiswahili, kila mwezi, wanunuzi wayasome kabla ya kufungua pochi.