Kitabu Nilichokifungia Kwenye Tranka

Nakala ya *Kichwamaji* niliyoisoma mara ya kwanza haikuwa na jalada. Ilikuwa imevikwa karatasi ya mfuko wa saruji, na kwa ndani ya karatasi hiyo kulikuwa na orodha ya wasichana wa bweni letu, kila mmoja na usiku wake. Ilikuwa mwaka 1997, nikiwa kidato cha tano. Mimi nilikuwa wa tisa. Zamu yangu ilipofika nilisoma kwa mshumaa, taa zikiwa zimeshazimwa, na nilipomaliza sikuweza kulala na kitabu kile pembeni ya mto. Nikakisukuma chini ya kitanda, bado nikahisi kiko karibu. Mwishowe nikashuka, nikafungua tranka, nikakilaza chini kabisa, chini ya sketi za shule na sukari ya magendo, nikatia kufuli. Ndipo usingizi ukaja. Alfajiri msichana wa kumi alikuwa amesimama kichwani pangu anadai haki yake.

Sikuwa mtoto wa kuogopa hadithi. Bibi mzaa mama alikuwa wa Ukerewe, na kila likizo tulipanda meli Mwanza tukavuka hadi Nansio kwenda kwake. Hadithi zake zilijaa mazimwi ya kumeza kijiji kizima. Lakini zimwi la bibi lilikuwa na adabu zake. Lilikuja na wimbo, wimbo tuliuitikia, na lilipokatwa kidole watu wote walitoka wazima, na mbuzi wao. Tulikuwa wajukuu sita kwenye mkeka mmoja. Aliyeogopa alimbana jirani yake, jirani akamfinya, tukaishia kucheka.

Halafu zikaja hadithi za kabati la baba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na vitabu vyake tulivihesabu kama kuku. Kimoja kilikuwa *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Mohamed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Jina tu lilinifanya nikipite kwa mbali. Nilipojipa moyo nikakisoma, Bwana Msa na kiko chake walinituliza na kuniudhi kwa pamoja: mtu kafia mzimuni, lakini mzimu hauhusiki, kaua binadamu kwa sababu za kibinadamu. Nilitaka kuogopa kidogo zaidi ya hapo. *Rosa Mistika*, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambayo kwa muda ilipigwa marufuku mashuleni, baba aliiweka juu ya kabati, mahali ambapo hakuna mtoto angefika ila mwenye kiti. Viti vilikuwa vinne.

Kwa hiyo nilidhani najua kuogopa ni kitu gani. *Kichwamaji*, ya Kezilahabi huyohuyo, ya mwaka 1974, ilinionyesha kwamba sijui. Humo hakuna zimwi wala wimbo, na hakuna Bwana Msa wa kuja ukurasa wa mwisho kupanga mambo. Kuna Kazimoto, kijana wa chuo kikuu. Dada yake mdogo, Rukia, anapewa mimba na Manase, anafariki, na mama yao hakai sana baada yake. Kazimoto anataka kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase, na kisasi chenyewe kinageuka ndoa. Mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, kama alivyozaliwa mtoto wa Manase kabla yake. Kazimoto anajiua. Basi. Kitabu kimekwisha, na wewe umeachwa na mshumaa wako. Tena mwandishi alizaliwa Namagondo, Ukerewe hukohuko kwa bibi. Vijia, mihogo, ziwa, vyote nilivijua kwa miguu yangu. Zimwi lilikuwa limehamia mahali ninapokwenda likizo.

Nitasema wazi kilichonikimbiza hadi kwenye tranka: ni mtoto yule. Vifo nilivilia. Mtoto nilimwogopa.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa neno la kufunikia hofu hiyo, nalo ni udhanaishi. Tulilishika kama pipi. Kwa muhula mzima nilitembea bila kuchana nywele, nikiitwa kufagia bweni najibu kwamba maisha hayana maana. Matroni alinisikiliza mpaka mwisho, akanikabidhi ufagio. "Kama hayana maana, mwanangu, basi fagia hivyohivyo."

Nilisoma uuguzi. Mwaka 2004 nikapangiwa wodi ya watoto katika hospitali moja kubwa ya Kanda ya Ziwa, na wiki ya kwanza tu nikapelekwa kwenye chumba cha watoto wa vichwa vikubwa na mgongo wazi. Ndivyo tunavyosema Tanzania, vyote viwili kwa pumzi moja, kwa kuwa mara nyingi vinakuja pamoja. Darasani nilikuwa nimefundishwa vizuri. Ndani ya ubongo wa kila mtu kuna maji yanayotengenezwa na kuondoka. Njia ikiziba, maji yanajaa, na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana, kichwa kinapanuka. Njia inaweza kuziba kwa maambukizi ya ubongo siku za mwanzo za maisha, au mtoto akazaliwa nayo hivyo. Niliyajua haya na niliyajibu kwenye mtihani. Nikaingia chumbani, nikamwona mtoto wa kwanza, na mguu ukarudi nyuma wenyewe.

Alikuwa wa miezi saba. Ngozi ya kichwa imevutika mpaka inang'aa, mishipa inaonekana kama mito kwenye ramani, na macho yameelemea chini kiasi kwamba weupe unaonekana juu ya mboni; vitabu vyetu vinayafananisha macho hayo na jua linalozama. Kazi yangu ilikuwa kupima mzunguko wa kichwa. Nilizungusha utepe huku nikitazama ukuta. Mama yake, msichana tu kutoka visiwani, mdogo kuliko mimi, aliniona.

"Sista, mshike kwa chini hapa, kisogoni," akaniambia. "Ni kizito, lakini hakivunjiki."

Nikashika. Sentimita 58. Kichwa cha mtoto anayezaliwa salama ni kama 35. Mama akauliza leo ni ngapi, nikamwambia, akaandika kwa kalamu kwenye kiganja, chini ya namba ya juzi. Kisha akatikisa funguo za sanduku lake na mtoto akacheka. Macho hayakuweza kupanda kuzitafuta funguo, lakini kicheko kilitoka chote, mpaka miguu ikarusha kanga.

Walimwekea mpira, ule mrija mwembamba unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni ukapeleke maji huko. Siku ya tatu utosi uliokuwa umetutumka kama andazi ulikuwa umeshuka. Mama alinishika mkono akaniwekea kidole pale ili niamini.

Miaka miwili baadaye, zamu ya usiku, nilikisoma tena *Kichwamaji*. Daktari mwanafunzi alikisahau mezani. Safari hii sikuogopa, nilikasirika. Mtoto wa kitabuni hana jina nililoweza kulikumbuka wala kicheko. Hana mama wa kutikisa funguo. Ameletwa duniani ili hadithi ya baba yake ipate mahali pa kuishia. Na riwaya inatuelekeza tuone kwamba kichwa kile ni malipo ya starehe za baba mjini, jambo ambalo mama zangu wa wodini walikuwa wanaambiwa kila siku na mawifi, majirani na waganga: umekosa nini, umelala na nani. Nilimnunia Kezilahabi kwa muda mrefu. Mtu akinisifia riwaya yake *Nagona* nilinyamaza, ingawa nilikuwa nimeisoma na kurasa zile chache zilikuwa zimenitia baridi nisiyoielewa hadi leo. Riwaya za kutisha niliziacha kabisa. Nilijiambia nimeona giza la kweli kazini, sihitaji la kubuni. Ilikuwa kauli ya majivuno, na niliitoa hata pale ambapo hakuna aliyeuliza.

Kezilahabi alifariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020. Wiki ile nilikwenda kununua *Kichwamaji*, yangu mwenyewe, yenye jalada. Sijui nilitaka nini. Labda kumaliza ugomvi na mtu ambaye hakuwahi kujua tumegombana.

Nilikuwa na miaka 41 na watoto wawili, na kitu nilichokipita mara mbili kilinisimamisha. Anayesimulia ni Kazimoto. Kila tunachokiona tunakiona kwa macho yake, na mtoto naye tunamwona kwa macho hayo. Nilikuwa nimemtuhumu mwandishi kwa woga wa mhusika. Sijamsamehe chote, lile la malipo ya starehe bado linanikera. Lakini safari hii nilimtazama msimulizi mwenyewe: amesoma kuliko kijiji kizima, anaweza kubishana juu ya Mungu mpaka kuche, na mlango wa nyumba yake ukigongwa na msiba hana hata mtu mmoja wa kumwambia naogopa. Sabina yumo nyumba hiyohiyo. Nilitafuta ukurasa ambapo wanaketi wawili wakazungumza juu ya mtoto kama wazazi. Nilirudi nyuma, nikasonga mbele. Nikajikuta nimefunga kitabu na kukishikilia kifuani kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia mlango.

Ndipo nikamkumbuka baba wa yule mtoto wa sentimita 58.

Nilikuwa nimemsahau, au nilikuwa nimemweka mahali fulani pa kutomfikiria. Alikuja kila Jumapili kwa wiki sita. Alikuwa kijana wa uvuvi, vidole vimepasuliwa na kamba za nyavu, shati limepigwa pasi. Hakuvuka kizingiti cha chumba hata siku moja. Alisimama koridoni, mgongo ukutani, na mfuko wa machungwa. Muda wa kuona wagonjwa uliisha, kengele ikapigwa, akamwita muuguzi yeyote aliyepita akamkabidhi mfuko: "Mpe mama wa mtoto." Hakusema mke wangu wala mwanangu. Sisi manesi tulimpa jina la utani, Bwana Machungwa, na tulicheka jikoni tukimwigiza anavyosimama. Mimi nilimwigiza vizuri kuliko wote.

Na mimi ndiye niliyekuwa nimetazama ukuta huku nikizungusha utepe. Ilinichukua siku moja na maneno ya mkewe kushika kile kichwa. Yeye hakuna aliyemwambia ashike hapa kwa chini, ni kizito lakini hakivunjiki. Hatua nne zilimtenga na kicheko cha mwanawe. Siku moja funguo zilitikiswa ndani, mtoto akacheka, na nilimwona baba akiinua kichwa kama mtu aliyeitwa. Nilikuwa nimebeba trei ya dawa. Nikampita.

Mama na mtoto waliruhusiwa siku ya Jumatano. Jumapili iliyofuata baba alikuja. Hakuwa na habari, walikuwa wamepishana ziwani. Alisimama palepale hadi kengele. Niliyepita nilikuwa mimi, nikamwambia walishaondoka, akatikisa kichwa polepole, akaninyooshea mfuko hata hivyo. Machungwa yalikuwa kumi na mawili. Tuliyamenya zamu ya usiku, tukagawana.