Mie, Kei na Kiingereza cha Kukariri

Siku ya mapumziko, nikipata intaneti, hutafuta vipindi vya televisheni vilivyoshindwa. Ninachokipenda zaidi ni Pink Lady, kilichorushwa na NBC ya Marekani mwaka 1980.

Kilichanganya nyimbo, vichekesho na wageni mashuhuri, kama vingi vya wakati ule. Wenyeji wake walikuwa Mie na Kei, waimbaji wawili waliokuwa nyota wakubwa kwao Japani. Kasoro ni kwamba Kiingereza hawakukijua vizuri. Basi wakakaririshwa maneno kwa sauti tu, wakapewa mchekeshaji Jeff Altman awasaidie, na kutoelewa kwao kukageuzwa kuwa mzaha mkuu. Kila mwisho wa kipindi walimvuta Altman, na suti yake, ndani ya beseni la maji moto. (Kuna mtu alilipwa kwa wazo hilo!) Yalirushwa matoleo matano, la sita likabaki kabatini.

Mwanafalsafa Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, anasema tunamcheka mtu anapofanana na mashine, na kwamba ili tucheke ni lazima moyo upate ganzi kidogo. La kwanza namkubalia. Mie anatamka mzaha kama kinanda, ananyamaza pale alipofundishwa kunyamaza, kisha anangoja watu wacheke. Lakini la ganzi, hapana. Mimi nacheka huku nikimwombea afike mwisho wa sentensi salama. Halafu muziki unaanza, na wawili wale wale wanacheza kwa hatua zilizopatana kabisa. Unaona wazi ni watu waliojua kazi yao, ila waliwekwa mahali pasipo pao. Kipindi kilichonyooshwa kwa pasi hakinionyeshi hayo.

Ndiyo maana vicheko vya jioni zetu za burudani vinanisumbua. Frateri akisahau ubeti, ukumbi unalipuka, na wapo ambao hawajapanda jukwaani tena. Vile ndivyo vicheko vya ganzi alivyovisema Bergson.

Mwenzetu mmoja kutoka Burundi, ambaye Kiswahili amekianza juzi juzi, amejiandikisha kwa Jumamosi. Mzaha wake ameshanikaririshia mara tatu. “Kula” na “kura” kwake bado ni neno moja, na mzaha wote umesimama hapo. Nitakaa mstari wa mbele.