Kofia ya Mama Mkwe na Usiku wa Mavazi Rasmi Melini



Msimu wa harusi umeshaingia, na mabibi harusi kadhaa wameniuliza jambo moja: wanakwenda fungate kwa meli ya kitalii, sasa bwana avae nini ule usiku wa mavazi rasmi? Jibu ninalo, lakini nililipata kwa aibu. Wacha niwasimulie.

Fungate yetu ilikuwa ya siku saba kamili, kama walivyokaa wazee wetu, ila sisi tulikaa baharini. Tulipanda meli Dubai, na njiani ilikuwa itie nanga Maskati. Ratiba ilionesha usiku wa mavazi rasmi mara mbili, siku ya pili na siku ya sita. Mimi nilikuwa na mabuibui mawili mapya ya darizi, sina wasiwasi. Wasiwasi wangu ulikuwa juu yake.

Mume wangu alikuwa amepanga begini kanzu nyeupe, koti jeusi na kofia ya viua aliyoshonewa na mama yake. Miezi mizima mama mkwe aliishona kofia ile, kitobo kwa kitobo. Mimi nikaitoa. "Huko watu wanavaa suti na tai," nikamwambia, "usije ukatutia aibu." Hakubishana nami. Aliichukua kofia, akairudisha begini chini ya nguo, akaikubali suti niliyomnunulia.

Usiku wa kwanza nilitumia nusu saa kumfunga tai ya kipepeo huku natazama video kwenye simu. Nilipomaliza ndipo nikaona kilebo: hariri safi. Nilikuwa nimenunua kwa macho, sikusoma. Na sote tunajua kwamba hariri safi na dhahabu ni haramu kwa wanaume wetu. Akaivua bila ya neno, tukashuka hivyo hivyo. Ukumbi mzima wanaume wamefunga tai, wangu peke yake hana. Aibu niliyoikimbia nikaikuta mezani. Yeye alikuwa akiivuta kola kila mara, na maneno aliyosema usiku ule yangehesabika kwa vidole.

Tulipofika Maskati tulikwenda kumsalimia shangazi yake, aliyehamia huko miaka ya 1970 kama Wazanzibari wengi. Njiani, pale Matrah, nilikuwa nawatazama wanaume wanavyopita na dishdasha zao na kofia za darizi zinazofanana na zetu kama ndugu. Oman wafanyakazi wa serikali huenda ofisini na dishdasha na kilemba, wala hakuna anayeona kwamba hawakuvaa rasmi.

Shangazi akataka kuona picha. Nikampa simu. Aliitazama ile ya usiku wa suti, akauliza, "Huyu nani?"

Tukacheka, tukadhani macho ya utu uzima.

"Nakuuliza kweli, mwanangu. Kwenye video ya harusi nilimuona mtoto wetu na joho lake, nawe unalia kwa furaha. Huyu kavaa nguo ya nani?"

Sikuwa na la kujibu. Kwenye teksi nilinyamaza mpaka bandarini. Niliporudi chumbani nikaichukua tena ile karatasi ya ratiba, safari hii nikaisoma yote: tuksido, suti nyeusi na tai, au vazi rasmi la kitaifa. Mstari huo ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Meli haikumkataza kanzu. Niliyemkataza ni mimi.

Nilimuomba radhi usiku huo huo. Akaniambia, "Nilijua unanionea haya mimi, si kanzu." Neno hilo liliniuma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Siku ya sita kanzu ilikwenda kwa dobi wa meli, maana pasi vyumbani imekatazwa kwa kuhofia moto. Chetezo pia huwezi kuwasha, hivyo nilimpaka mafuta ya udi. Alisali Maghribi na Isha kwa pamoja, kisafiri, na nguo zile zile akashukia chakulani: kanzu, koti, viatu vyeusi vilivyong'aa na kofia ya mama. Mnadhani watu waligeuka? Hakuna. Mhudumu alimvutia kiti kama alivyowavutia wengine. Kwenye hafla ya nahodha tulishika glasi zetu za juisi, na mume wangu alizungumza mpaka meza yetu ikawa ya mwisho kuondoka.

Basi bibi harusi, jibu langu ni hili. Soma masharti ya meli yako kabla ya kununua kitu, na yasipotaja vazi la kitaifa, waulize mapema. Kanzu iwe safi, ya urefu unaofaa, na koti la rangi nzito juu yake. Makubadhi mwachie ya mchana. Bwana akipenda suti, avae, si dhambi, ila tai isiwe ya hariri wala vifungo vya mikono visiwe vya dhahabu. Na siku asiyotaka mavazi rasmi, meli nyingi zina sehemu nyingine ya kula ambako hakuna masharti hayo.

Lakini kubwa kuliko yote, muulize yeye. Mola ametufananisha mume na mke na vazi, kila mmoja amsitiri mwenzake. Mimi wiki ya kwanza tu ya ndoa nilikaribia kumvua wangu mbele za watu, na huku nadhani namvisha.

Tuliporudi Unguja nilimpelekea mama mkwe picha ya usiku wa sita. Hakuuliza meli ilikuwa kubwa kiasi gani. Aliisogeza simu karibu na macho, akasema, "Kumbe aliivaa."

Wassalaam.