Jina la Merikebu, na Langu

Sisi wa Dodoma bahari tunaisoma vitabuni tu. Hata hivyo, ndugu msomaji, kuna manowari moja ya matanga inayoninyima usingizi. Iliundwa Bombay kwa mbao za msaji, ikashushwa majini mwaka 1826, mizinga 74, mali ya Seyyid Said wa Oman na Zanzibar. Jina lake? Liverpool! Mwaka 1836 akamzawadia Mfalme William wa Nne wa Uingereza. Waingereza wakalifuta jina hilo, wakaiita Imaum, maana Seyyid walizoea kumwita Imamu wa Maskati. Ajabu eti? Kwa Mwarabu ilikuwa na jina la Kizungu, kwa Wazungu ikapata la Kiarabu. Ikaenda kukaa Jamaika na jina la aliyeitoa.

Mimi pia nina mawili. Bibi alinipa la Kigogo, la mvua iliyonyesha nilipozaliwa. Shuleni wakaniandika jingine, la bibi liliwashinda kutamka. Washkaji wanasema nisaini hadithi zangu kwa la shule, eti ndilo linalouza.

Lakini mji wetu wenyewe, wazee husema, umetokana na neno idodomya, kuzama, kwa sababu ya tembo aliyenasa topeni. Tope limekauka, jina lipo.

Merikebu haikuulizwa. Mimi nimeulizwa. Nasaini la bibi.