Maktaba ya Kakamega: Mlango Ulio Wazi



Wasomaji wetu wapenzi, safari ya kutoka Mombasa hadi Kakamega leo ni ya mchana na usiku kwa basi. Wazee wetu waliikata kwa miguu kwa miezi. Misafara ya Pwani ilipumzika Mumias, kwa wafalme wa Wanga, kabla ya kushika njia ya Buganda. Hapo ndipo Uislamu na lugha yetu vilipotia mizizi katika nchi ya Waluhya, na hata jamaa wa ukoo wa Nabongo wakasilimu. Basi Muislamu wa Pwani afikapo Kakamega hafiki ugenini moja kwa moja.

Tulipanda kutoka Kisumu. Barabara hupita kwenye jiwe la Ilesi, lile ambalo wenyeji husema linalia kwa sababu maji hulitiririka usoni, kisha huingia mjini. Mgeni wa Kakamega kwa kawaida huonyeshwa msitu mkubwa wa mvua au hupelekwa kutazama mafahali wakipigana. Sisi tuliomba tuonyeshwe maktaba ya umma.

Maktaba hiyo imo katika mtandao wa Huduma ya Maktaba za Taifa, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965. Mtandao huo ndio uliowabebesha ngamia vitabu huko Garissa mwaka 1996, wakawafuata wafugaji na watoto wao nyikani. Anayekubali kumfuata msomaji kwa ngamia hakutaka maktaba iwe ya wanafunzi wa mjini peke yao.

Hata hivyo, tulipoingia tuliwaona zaidi vijana wanaodurusu kwa ajili ya mitihani, wameinamia madaftari katika kimya kizuri. Wazee wawili watatu walikuwa wakisoma magazeti. Akina mama walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Tulipomuuliza mama mmoja wa Kiislamu wa mjini humo kwa nini haji, alitujibu kwa upole: "Sheikh, mimi nilidhani pale ni pa wenye vyeti."

Jawabu hilo lilitugusa, kwa kuwa tumelisikia Pwani pia. Wengi wetu tunaijua maktaba kuwa ni rafu na marufuku ya kupiga kelele. Lakini maktaba za umma nchini huendesha mengi mbali na kuazimisha vitabu: saa za hadithi kwa watoto wadogo, mashindano ya kusoma, mahema ya kusomea, shughuli za Wiki ya Vitabu, na nafasi ya kutumia kompyuta na intaneti. Shirika la Worldreader nalo limezifikishia maktaba hizo visomeo vya kielektroniki, kimoja kikibeba vitabu vingi kuliko kabati la nyumbani. Shughuli za jamii za aina hii huwa hazina kiingilio, na anayeshiriki haulizwi alifika darasa la ngapi.

Neno hili "bure" tulielewe vyema. Si sadaka ya kumfedhehesha mtu. Azimio la UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1949, linataka huduma zake za msingi zisitozwe ada, na gharama zibebwe na serikali. Yaani zimekwisha kulipwa, na sehemu ya malipo hayo ni kodi iliyomo katika bidhaa tunazonunua dukani. Sisi Waislamu jambo hili tunalifahamu kwa mfano wa wakfu: kisima kikishachimbwa kwa ajili ya watu, mwenye kiu hana haja ya kuona haya kuteka.

Wala elimu ya mwanamke si jambo la kigeni katika dini yetu. Amri ya kwanza kuteremka ilikuwa ya kusoma. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Bi Shifaa binti Abdillah ndiye aliyemfundisha Bi Hafsa, mke wa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, kuandika. Mama yetu wa waumini alikaa mbele ya mwalimu mwanamke akajifunza. Nani kati yetu atakayesema wakati wake umepita?

Lipo jambo la kuhofia. Tangu Katiba ya 2010, maktaba ni miongoni mwa majukumu ya kaunti. Fedha zake hushindana na za barabara, maji na zahanati, na kiti kikikaa kitupu humrahisishia mwenye kupunguza bajeti kazi yake. Katiba hiyohiyo inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Lakini atakayesimama kuitetea maktaba ni yule anayeijua ndani.

Kwa hiyo tunausia haya, kwa ndugu zetu wa Kakamega na Mumias, na kwa wenye maktaba za umma karibu nao huku Pwani. Nendeni na watoto siku ya mapumziko, baada ya chuo. Mwulizeni mkutubi kuna shughuli gani mwezi huu, na masharti ya kuazima ni yapi. Vikundi vya akina mama viombe wakati wao maalumu, kwa stara na utulivu. Ombi lenye adabu haliko mbali na kukubaliwa. Walimu wa madrasa wapange ratiba zao zisigongane na saa ya hadithi. Na binti aliyemaliza kidato cha nne, anayeshinda ndani akingoja majaaliwa, asindikizwe leo, aonyeshwe kompyuta ilipo.

Kitabu, katibu na maktaba ni maneno yaliyozaliwa na mzizi mmoja wa Kiarabu. Nasi tunamwomba Mwenyezi Mungu azikutanishe nyumba zetu na mzizi huo, atuzidishie elimu yenye manufaa, wake kwa waume. Amin.