Nani Alimwona Mara ya Mwisho?

Kwenye fomu yetu ya mapokezi kuna mstari mmoja unaonichoma kila ninapouacha mtupu: mgonjwa alionekana mzima saa ngapi mara ya mwisho? Usiku wa kuamkia jana nimeuacha mtupu tena.

Mzee aliletwa na ambulensi alfajiri, upande wa kulia umelegea, maneno hayatoki. Jirani wa ghorofa ya chini alisikia kishindo, akapiga simu. Lakini huenda kishindo kile kilikuwa cha kiti alichojaribu kukishika saa nyingi baada ya kiharusi kuanza. Mwanawe anaishi mji mwingine. Nilimwamsha kwa simu, akaniambia kwa upole kabisa kwamba waliongea Jumapili. Ilikuwa Alhamisi. Watu wa ambulensi walikuwa wameona magazeti ya siku mbili bado yako mlangoni, na huo ndio ushahidi wote niliopata juu ya mtu aliyeishi katika jengo lenye familia chungu nzima.

Nasomea ubingwa wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu katika hospitali ya chuo kikuu hapa Ujerumani. Ni miaka 5, ndani yake mwaka mzima wa magonjwa ya akili na miezi 6 ya wodi ya mahututi.

Nina neno na ule mstari mtupu. Mshipa wa ubongo ukizibwa na bonge la damu, dawa ya kuliyeyusha hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Saa hizo hazihesabiwi tangu mgonjwa alipookotwa sakafuni, zinahesabiwa tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho. Ukichelewa, dawa ileile inaweza kumvujisha damu ndani ya ubongo. Na mshipa mkubwa ukiziba, hukadiriwa kuwa seli za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Ndiyo maana hapa kila kitu kimepangwa kwa ajili ya kukimbia. Simu ya zamu inalia mgonjwa akiwa bado njiani, mashine ya CT ya kupiga picha ya ubongo iko hatua chache kutoka mapokezi, muuguzi ameshaandaa dawa kabla sijamaliza kupima nguvu za miguu. Nimemwona mama aliyeingia hawezi kutaja jina la binti yake, akalitaja dripu haijaisha. Siku hiyo nilitamani kila mtu wa kwetu angekuwapo aone.

Nasi tulijua saa yake kwa sababu binti alikuwa naye mezani.

Wajerumani wenyewe wanalijua pengo hili, na wamelitafutia mashine. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa WAKE-UP, ulioongozwa na Götz Thomalla wa Hamburg. Kuna picha ya MRI inayoonyesha jeraha la ubongo mapema sana, na kuna nyingine inayochukua saa kadhaa kulionyesha. Jeraha likionekana kwenye ya kwanza na lisionekane kwenye ya pili, yaelekea kiharusi hakijavuka saa 4 na nusu, hata kama hakuna aliyeona kikianza. Nalipenda sana wazo hilo. Mzee wangu tulimpiga picha zote. Jeraha lilijaa kwenye zote mbili, na hata kulivuta bonge kwa mrija kupitia kinena, jambo ambalo kwa baadhi ya wagonjwa hufanyika hadi saa 24, hakukuwa na la kuokoa.

Sasa njoo kwa mjomba wangu, pwani ya Tanga, kwetu Tanzania. Alikuwa ametoka kuswali Adhuhuri, ameketi barazani, kikombe kikamponyoka. Akasema hana kitu, ni usingizi tu. Mkaza mjomba akamwambia, "Hebu inua mkono." Akainua wa kulia. "Huo mwingine!" Mjomba akaapa ameshauinua. Mkono wa kushoto umelala pajani kama si wake. Kabla ya Alasiri ukoo ulikuwa umejaa uani, na nilipopiga simu kila aliyeipokea alinitajia saa ileile, wengine na kilichokuwa ndani ya kikombe.

Ushahidi wa namna hiyo huku ningeupigia magoti. Kwetu haukumfaa kitu. Mmoja alisema ni upepo mbaya, asomewe kwanza. Gari la kukodi likachelewa. Kituo cha kwanza hakikuwa na kipimo cha CT, cha pili mashine mbovu, na Dar es Salaam alifika siku ya pili yake. Mjomba yu hai, alhamdulillah, ila mkono haukurudi, nami hasira hiyo haijanitoka.

Na si kiharusi peke yake. Nikiwa intern nyumbani, mama wa mtoto mwenye degedege alijilaza kwenye sakafu ya wodi anionyeshe jicho liligeukia wapi na mkono upi ulianza. Kifafa hutambuliwa hivyo, kwa maneno ya aliyeona. Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, kikiwa safi hakikanushi kitu. Ndivyo ilivyokuwa hata eneo la Haydom, kaskazini mwa Tanzania, ambako daktari Andrea Winkler na wenzake walipotaka kujua ukubwa wa kifafa walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza. Huku naletewa kijana aliyeanguka kituo cha treni, ulimi una jeraha, na abiria wote wameshapanda treni zao.

Mwenzangu wa zamu, Mjerumani, anasema tatizo hili lina ufumbuzi: kile kitufe cha dharura ambacho wazee huku huvaa shingoni. Nikamwambia habari za mjomba. Kiharusi kikipiga upande wa kulia wa ubongo, mgonjwa huenda asijue kabisa kuwa amepooza. Kitufe atakibonyeza kwa ajili ya nini? Atakwenda kulala, kama mjomba alivyotaka kulala. Anayehitajika hapo ni mtu wa kumbishia. Akafikiri kidogo, akasema basi ziwekwe kamera. Nikamuuliza nani atakesha akizitazama.